Maji Yaliyopotelea Chini ya Sakafu

Juma la kwanza la Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, ndipo nilipoona sindano imeshuka.

Geji yetu ya presha ya mabomba imo ndani ya kabati la kukaushia nguo, nyuma ya mashuka, ndogo kama saa ya mfukoni. Mume wangu Malachy, Mungu amrehemu, alinifundisha jambo moja tu juu yake: sindano isimame kwenye moja na nusu. Ikisimama hapo, maji yamejaa mabomba yote, boila ya kuchemshia maji kule nje inawaka, na rejeta za ukutani zinapata moto. Ikishuka chini ya nusu, boila inajizima yenyewe na nyumba nzima inapoa. Miaka tisa tangu nimzike nimekuwa nikiichungulia kila asubuhi nikichukua taulo, kama mtu anavyomchungulia mtoto aliyelala. Haikuwahi kusogea.

Asubuhi ile ilikuwa chini ya moja. Nikafungua koki ya mpira mdogo wa kujazia, nikayasikia maji yakiingia kwa mluzi, sindano ikapanda, nikafunga. Kesho yake iko kwenye nusu. Nikajaza. Jioni iko nusu tena.

Sasa maji yanakwenda wapi? Niliizunguka nyumba nzima kwa magoti. Kila rejeta niliipapasa chini, kila kiungo nikakifuta kwa karatasi ya chooni, maana karatasi huonyesha tone ambalo jicho halilioni. Pakavu. Ndoo baada ya ndoo inaingia, na hakuna tone linaloonekana likitoka. Nikasimama katikati ya jiko nikaingiwa na hofu, si ile ya mwizi, ila ile inayokupata ukiingia kanisani ukakuta uko peke yako.

Ingekuwa ni mimi tu, ningevaa koti nikakaa karibu na jiko la makaa. Lakini kulikuwa na Delia.

Delia ni wifi yangu, dada wa Malachy, ana miaka tisini na mmoja. Alizaliwa katika chumba cha mwisho cha nyumba hii na hakuolewa, kwa hiyo nilipoolewa mimi nilimkuta, na tumekaa pamoja miaka hamsini tukigombea kijiko kimoja. Mwezi wa kumi alitoka hospitali na kifua kibovu. Nesi wetu, Concepta Loftus, alitundika kipimajoto ukutani juu ya kitanda chake, akaniambia, "Mama Attracta, nyuzi ishirini. Zikishuka chini ya kumi na nane, kifua hiki hakitaweza." Niliwasha hita ya umeme, ikamkausha koo mpaka akaanza kukoroma mchana, nesi mwenyewe akaizima.

Ijumaa akaja, akashika rejeta kwa kiganja, ya baridi. Akatazama kipimajoto: kumi na sita. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nitarudi Alhamisi," akasema. "Nikikuta chumba kiko hivi hivi, kuna kitanda mjini, kwenye nyumba ya wazee. Nimeshakiomba. Sipendi, Delia, lakini nitakupeleka."

"Nipelekeni," Delia akasema. "Ila mkibebe na chumba."

Nesi akacheka, akaondoka. Delia hakucheka. Alikuwa ameligeukia dirisha, ule upande wa malisho.

"Wifi," akasema, "kutoka chumba hiki njia ya kwenda kwa Mungu naijua. Mama alipitia hapa, baba alipitia hapa. Huko mjini nitamwuliza nani?"

Nikamwongezea blanketi.

Jumatatu alikuja Cathal Gilvarry, fundi bomba. Ni mtu mnene wa miaka hamsini na kitu, ana kofia ya sufu asiyoivua ila kwa sababu za dini, na huwezi kumwambia habari yoyote bila kumpa kitu cha kutafuna.

"Haya mama, presha inashuka kwa kasi gani?"

"Ya nani?" Delia akapaza sauti kutoka chumbani. "Yangu iko juu!"

"Ya nyumba, bibi!"

"Basi nyumba imezeeka kuliko mimi!"

Nikamwambia nilivyokuwa nikijaza. Akauliza mara ngapi. Nikasema jana mara tatu.

"Kwani siwezi kuendelea kujaza tu, mpaka majira ya joto?"

"Huwezi. Maji mapya yanakuja na hewa ndani yake, na hewa inakula chuma. Rejeta zitatoboka moja moja kutoka ndani. Unavyojaza ndivyo unavyoimaliza. Leo tatu, kesho sita, halafu utakuta unalala kabatini na mkono kwenye koki."

Akaanza kazi. Nilimfuata nyuma nikitazama, maana mimi sikusoma zaidi ya shule ya msingi, na nilichojua nimekijua kwa kutazama. Kwanza alikwenda kwenye lile tangi dogo jekundu lenye hewa, linaloyapa maji nafasi ya kutanuka yakipata moto. Akabonyeza kipini chake kama cha gurudumu la baiskeli. Ikatoka hewa, si maji. "Hili zima," akasema. Kisha akatoka nje, kwenye kibomba kinachotokeza ukutani, cha vali ya usalama inayomwaga maji presha ikizidi, akakifunga mfuko wa nailoni mdomoni. Tukala mkate wa magadi na siagi, tukangoja saa mbili. Mfuko ukabaki mkavu. "Hii nayo nzima." Mwisho akafunga koki mbili, moja ya maji ya kwenda na moja ya maji ya kurudi, akaitenga boila na nyumba, akaweka geji ya pili upande wa nyumba.

"Tutaziacha mpaka kesho," akasema. "Kesho tutajua mwongo ni nani."

Kesho yake, Jumanne, upande wa boila sindano haikuwa imesogea hata upana wa unywele. Upande wa nyumba ilikuwa imelala kwenye sifuri.

Cathal akatazama chini. Nami nikatazama chini. Sakafu yetu ni ya zege, vigae vya kahawia juu yake, kutoka mlangoni mpaka chumba cha Delia.

"Mbona kimya?" Delia akauliza. "Nani amekufa?"

"Hakuna, bibi. Ni bomba chini ya sakafu."

"Mchoro upo?" Cathal akaniuliza mimi.

Nilicheka, ingawa haikuwa siku ya kucheka. Nani kwetu ana mchoro? Sakafu ile ilimwagwa upya kwa msaragambo, kama sakafu zote za upande huu wa ziwa. Malachy alilaza mabomba ya shaba juma zima peke yake, na Jumamosi wakaja majirani saba na mabeleshi, wakachanganya zege asubuhi, jioni wakala nyama ya nguruwe na kabichi, ikaisha. Miaka thelathini na sita. Kati ya wale saba, sita nimewaandika kwenye bahasha yangu ya majina ya marehemu, ile iliyo altareni mwezi huu, na wa saba hajui tena jina la mkewe.

"Nikivunja sakafu yote ni wiki mbili," Cathal akasema. "Vumbi lake, na kifua cha bibi, usiniulize. Nikiacha ya chini nikapitisha mabomba mapya ukutani, siku kumi."

"Cathal, nesi anakuja keshokutwa."

"Najua, mama."

"Sijasema kwamba hujui. Nasema anakuja."

Akala kipande cha tatu cha mkate akitazama vigae. "Kuna jamaa yangu kule Castlebar," akasema mwishowe, "ana kamera."

Nilidhani anataka kupiga picha ya uharibifu.

Jumatano kulipambazuka na jalidi, umande ulioganda, malisho meupe mpaka ziwani. Cathal alikuja na ile kamera, kijisanduku cha njano, mfano wa simu yenye mkono wa kushikia. Akajaza maji mpaka mbili kasoro, akawasha boila kwa nguvu zake zote, akaniambia tungoje sakafu ipate habari.

"Hii haioni mwanga," akanieleza. "Inaona joto. Kilicho baridi kinakuwa buluu, chenye moto kinakuwa njano. Shika."

Nikaishika kwa mikono miwili. Nikaielekeza chini, na kiooni sakafu yangu niliyoipiga deki miaka yote hiyo ilikuwa buluu tupu, kama maji ya kina. Sikuona kitu. Halafu taratibu, kama alfajiri inavyokuja bila mtu kuona ilipoanzia, pakatokea mstari. Mwekundu hafifu, kisha wa rangi ya chungwa. Ukaanzia ukutani penye boila, ukapita chini ya meza, ukazunguka jiko la makaa, na wa pili ukafuata ubavuni mwake kama ng'ombe na ndama. Ikafika kona, na kona ile haikukatwa kwa mraba. Ilizunguka kwa upana, taratibu, ikaacha nafasi kubwa isiyo na sababu.

Nikairudisha kamera palepale, mara ya pili. Maana hivyo ndivyo Malachy alivyokata kona kwa trekta, na kwa gari, na hata kwa miguu akitoka kanisani. Alikuwa anaogopa kona. Mwandiko wa mtu siwezi kuusahau, na huu ulikuwa wake, umelala chini ya miguu yangu, na mimi nimekuwa nikitembea juu yake na ndoo ya maji machafu.

"Mama, uko sawa?"

"Nipo," nikasema. "Namwona mzee wangu."

Cathal alimjua Malachy. Akaitazama kona ile naye.

Redioni kengele ya saa sita ikalia. Nikaweka kamera mezani, nikapiga magoti palepale kwa sala ya Malaika wa Bwana, na Cathal akavua kofia. Kutoka chumbani Delia akawa anaitikia, sauti yake kama karatasi. Tulipomaliza niliinuka, nikaichukua kamera, nikaielekeza sakafuni. Pale nilipokuwa nimepiga magoti palikuwa na miviringo miwili ya njano.

Nikarudi nyuma. Vile viduara vikabaki palepale, vikiwaka vyenyewe, hakuna mtu juu yake. Polepole vikawa vyekundu, vya zambarau, vikazama kwenye buluu. Nikaielekeza mezani: kiganja cha Cathal, vidole vitano, pale alipojiegemeza wakati wa sala. Nikaielekeza mlangoni: alama yangu ya bega, pale nilipoegemea nikiinuka. Kila tulipogusa tulikuwa tumeacha kitu, na kitu hicho kilibaki kidogo baada yetu, na hakuna jicho la mtu lililopata kukiona tangu kuumbwa kwa ulimwengu mpaka leo, jikoni kwangu.

"Cathal," nikasema, "unadhani Mungu anatuona hivi? Kwa tulichokiacha?"

"Mimi ni fundi bomba, mama."

"Mimi pia si Papa. Nimeuliza tu."

Akajikuna shingo. "Mimi nikitumia hii," akasema, "siku hiyo huwa sigombani na mtu."

Tukaendelea, yeye akishika sasa. Mistari miwili ikafuata ukuta, ikaelekea chumba cha Delia, na hatua tatu kabla ya mlango wake tukaona. Hapo mstari haukuwa mstari tena. Palikuwa na wingu. Njano katikati, nyeupe kabisa kwenye kiini chake, na kingo zake zikitambaa chini ya vigae kila upande, upana wa sinia la karamu. Maji yetu yote ya juma zima yalikuwa pale, yakinywewa na udongo, kimya, hatua tatu kutoka kwa mgonjwa.

"Nimekupata, bwana mkubwa," Cathal akasema. Akatoa penseli, akachora duara juu ya kigae. Akachukua tindo na nyundo, akapiga goti.

Mimi nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimepajua mahali pale.

"Ngoja," nikasema.

"Nini?"

"Hapo kuna medali."

Kwetu kila nyumba ina medali ya Bikira Maria chini yake. Kabla zege halijakauka unaizamisha, na kwa desturi ni chini ya kizingiti, ili anayeingia avuke juu ya ulinzi wake. Malachy aliniambia, iweke kizingitini kama watu wote. Lakini mimi nilikuwa na medali kubwa, nene, ya chuma cheupe, iliyobarikiwa kule Knock tunakohiji, na niliona kizingiti ni mbali mno na watu. Nilitaka iwe katikati ya nyumba, karibu na tunapolala. Wanaume walipokwenda kula, nilivua viatu nikakanyaga ubao wao, nikaizamisha kwa dole gumba, imesimama wima, mpaka ikagota kwenye kitu kigumu. Nakumbuka nilivyofurahi. Nilisema moyoni, nimefika kwenye mwamba.

Hayo yote nikamweleza Cathal, na nilipokuwa nikieleza nikaelewa mwenyewe kwamba chini ya sakafu ile hakukuwa na mwamba wowote.

Cathal aliweka nyundo chini. Akafanya ishara ya msalaba.

"Mama, mimi sipigi tindo juu ya Mama wa Mungu."

"Hupigi juu yake. Unapiga kando."

"Kando ipi? Kamera haioni medali. Nikiikata vipande viwili je? Marehemu mama yangu atanitokea. Twende tumwulize Padri."

"Padri yuko kwenye mazishi Ballina mpaka jioni."

"Basi jioni."

"Jioni utaanza, uvunje, ulehemu, na usiku kucha chumba kiwe nyuzi kumi na mbili? Cathal, mgonjwa yuko pale."

"Na mimi roho yangu iko hapa!" akasema, akijipiga kifuani, na hakuwa anatania. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya kofia.

Nami, nitasema kweli, sikujua la kufanya. Upande mmoja nilimwona Delia akibebwa kupitia mlango ule na kiti cha magurudumu. Upande mwingine ile sura ndogo ya medali, macho yameinamishwa, na chuma kikali kikimshukia usoni. Nikashika rozari mfukoni. Sikuomba neno lolote, nilishika tu.

"Nyie wawili," Delia akaita.

Tukaenda mlangoni. Alikuwa amejiinua kwenye mito, pua nyekundu, sweta mbili, macho makali kama ya kuku.

"Nimesikia yote. Ukuta ni mwembamba, na masikio yangu ndiyo pekee yanayofanya kazi. Mwana wa Gilvarry, Bikira Maria alijifungulia wapi?"

"Zizini, bibi."

"Zizini. Penye mavi ya ng'ombe. Na wewe unadhani ataona ajabu ya vumbi lako? Piga! Mama gani atakasirika akitolewa mahali penye maji na giza? Piga, au nitashuka nipige mimi, na nikifa ni juu yako."

Cathal akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Nikaufunga mlango wa Delia, nikaziba uvungu wake kwa taulo zilizoloa ili vumbi lisimfikie, nikapiga magoti mbele ya Cathal nikimwondolea vipande kwa mikono.

Sijapata kumwona mtu akipiga nyundo kwa adabu vile. Aligonga kama anayebisha hodi. Kigae kikatoka, zege likatoka vipande kama vya biskuti, chini yake likawa limeloa, jeusi, na mvuke ukapanda. Akaacha tindo akachukua bisibisi. Akaacha bisibisi akachukua kijiko changu cha chai. Na hapo pakatokea shaba, ya kijani upande mmoja, na kutoka kwenye shaba uzi wa maji mwembamba kuliko unywele, unaoruka juu na kung'aa kwenye mwanga wa dirisha.

Ndio huo tu. Uzi huo ndio uliokuwa ukiiponza nyumba.

Medali ilikuwa imesimama wima vilevile nilivyoiacha, ukingo wake umelala juu ya bomba. Cathal akafunga maji, akaitoa kwa vidole viwili, akaipangusa kwenye sweta yake. Kwenye bomba palibaki mfereji mdogo, uliokatwa laini kama kwa mkono wa sonara, na katikati ya mfereji tundu ambalo sindano ya kushonea isingepita.

"Tazama," akasema kwa sauti ya chini. "Bomba likipata moto linarefuka. Kidogo sana, huwezi kuona. Likipoa linafupika. Medali imeshikwa na zege, haiendi popote. Kwa hiyo asubuhi bomba linapita chini yake hivi, jioni linarudi hivi. Kila siku ya baridi. Miaka mingapi ulisema?"

"Thelathini na sita."

"Ona basi."

Nilijaribu kuhesabu zile asubuhi na zile jioni nikashindwa. Nilikuwa nikiamka, nikipika uji, nikigombana na Delia, nikimuuguza Malachy, nikimzika, na kila siku ya baridi, bila kukosa hata moja, chini yetu shaba ilikuwa inapita polepole chini ya ukingo ule, kwenda na kurudi, kama mtu anayevuta tasbihi. Kitu kidogo hivyo, kwa subira hiyo. Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya kuomba bila kukoma na sijapata kuelewa mtu angewezaje.

Kisha aibu ikaja.

"Ni mimi niliyetoboa," nikasema. "Nyumba ya Malachy. Kwa mkono wangu."

Cathal aliniachia medali kiganjani, ya moto kama yai lililotoka kutagwa. Nikampelekea Delia kwa kuwa sikuweza kukaa nayo. Nikamwambia yote, nikilia.

Aliigeuza geuza karibu na jicho. "Wifi," akasema, "kwani sasa ndiyo unajua kwamba ukimwekea mtu mzigo mahali pasipo pake, atachoka? Malachy alikwambia kizingitini."

"Aliniambia."

"Hukusikia."

"Sikusikia."

"Hukuwahi kusikia. Hata kabichi alikuwa akikwambia usiichemshe sana." Akaifumba medali kwenye ngumi. "Hii nabaki nayo. Wewe umeshaonyesha huwezi kuaminiwa. Kapange chai, mtu wa watu anafanya kazi."

Cathal alikata kipande cha bomba kirefu kama kidole, akaweka kipya, akalehemu viungo kwa moto wa buluu. Akalivika bomba sufu ya kijivu pande zote, ili zege lisiliguse tena. Hakuziba shimo, alisema tuliache wazi kwanza, tuone kama bomba litashika. Saa kumi jioni akafungua koki, maji yakaingia yakiimba, rejeta zikatoa hewa kwa kikohozi, na nyumba ikaanza kufanya ile milio ya chuma kinachotanuka, tik, tik, kutoka chumba kimoja mpaka kingine. Ya mwisho ilikuwa ya chumba cha Delia. Niliishika kwa viganja vyote viwili mpaka ikawa haishikiki.

Alhamisi saa nne nesi Concepta aliingia na jalidi kwenye viatu. Mkononi alikuwa na bahasha ya ile nyumba ya wazee. Aliruka shimo letu la jikoni, akalitazama, akanitazama, akaenda chumbani moja kwa moja kwenye kipimajoto. Mimi nilibaki mlangoni.

"Ishirini na mbili," akasema.

Akaweka kiganja juu ya rejeta, akakiondoa haraka. Akamsikiliza Delia kifua, mbele na nyuma, akachukua muda mrefu kuliko siku zote.

"Presha ya mabomba inashikilia?" akaniuliza.

"Tangu jana jioni. Nimeangalia mara kumi na moja."

Bahasha akairudisha kwenye mkoba.

"Na kile kitanda?" Delia akauliza.

"Watampa mwingine. Kuna orodha ndefu."

"Mwambie huyo mwingine nimemwombea. Na wewe kaa, unywe chai, acha kunitazama kama umeniuza ukaninunua tena."

Alipoondoka nesi, nilirudi chumbani kumtandikia. Delia alikuwa amevua sweta zote mbili, amezitupa sakafuni, mikono yake iko nje ya blanketi. Sikuwa nimeiona tangu Oktoba. Ilikuwa na rangi ya waridi.

"Wifi, fungua dirisha."

"Una wazimu? Baada ya yote haya?"

"Fungua kidogo. Nimekubali kufa kwa uzee, sikukubali kuokwa."

Nikafungua upana wa vidole viwili. Nje jalidi lilikuwa bado jeupe juu ya malisho, hakuna upepo, hakuna ndege. Na pale kwenye ufa, jua likipiga kwa ubavu, nikaiona bila kamera yoyote: hewa ya chumba ikitoka, inacheza, inatetemeka juu ya kizingiti cha dirisha kama inavyotetemeka juu ya lami siku ya kiangazi, ikipanda kwenda juu, haiishi. Nyuma ya mtetemeko huo ziwa lote lilikuwa linasogea, na vilima, na mnara wa kanisa.

"Unaona nini?" Delia akauliza.

"Sijui," nikasema. "Njoo nikuinue uone."

Nikampitishia mkono mgongoni. Alikuwa mwepesi, na alikuwa wa moto.